Safari ya Kedowa na Hesabu ya Mwendo

Karatasi ya mtihani wa fizikia ilirudi nyumbani imekunjwa mara nne na kufichwa chini kabisa ya mkoba. Swali la saba lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Liliuliza hivi: mtu ametoka nyumbani kwenda dukani, mita 300, kisha akarudi kwa njia ile ile, safari nzima imechukua dakika 10, tafuta kasi yake ya wastani na velositi yake ya wastani. Binti yetu, mwenye umri wa miaka 14, alijibu mita 1 kwa sekunde kote kuwili. Jibu la kwanza lilikubaliwa. Jibu la pili lilikatwa, na pembeni pakaandikwa lililo sahihi: sufuri.

"Vipi iwe sufuri," alituuliza, "na mtu katembea mpaka kachoka?"

Tulitazamana. Sisi wazazi wake, mmoja aliiacha fizikia alipopata ruhusa ya kuiacha, na mwingine hakuipenda tangu siku ya kwanza. Tulijaribu kumweleza kwamba velositi ni kasi yenye mwelekeo, maneno tuliyoyakumbuka kama kasuku akumbukavyo salamu, lakini alipotuuliza maana yake tulinyamaza. Hapo ndipo aliposema kwamba somo hilo si la wasichana na kwamba akifika mahali pa kuchagua ataliacha. Hilo ndilo lililotuuma. Alama za mtihani hupanda na kushuka, lakini mtoto anayeufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe ni taabu kumrudisha.

Likizo ya Agosti ilikuwa imekaribia, na tulikuwa tumekwisha ahidi kumtembelea ami yake huko Kedowa, katika nyanda za juu za Kericho. Ami huyu ni mdogo wake baba. Aliendesha malori ya mizigo kutoka bandarini Mombasa kwa miaka mingi, akaoa Mkipsigisi wa huko, na alipochoka na usukani akahamia kwa wakwe zake kulima viazi. Bibi naye, ingawa magoti yanamsumbua, alisema hawezi kubaki nyuma. Tukafunga vitu: masweta ya kuazima, mablanketi, tende, na mkate wa sinia ambao haukufika Nairobi.

Treni iliondoka Mombasa saa mbili asubuhi. Kutoka Miritini hadi Nairobi reli mpya ina urefu wa kilomita zipatazo 470, nasi tulifika baada ya muda wa saa sita hivi. Binti yetu, ambaye kasi hakuwa na ugomvi nayo, aligawanya haraka: kilomita 78 kwa saa. Kisha akanung'unika kwamba hesabu hiyo haikulingana na alichokiona dirishani. Katika mbuga ya Tsavo vichaka vilipita kwa kishindo, na kwenye vituo vya njiani treni ilisimama kabisa. Tulimwambia hiyo ndiyo maana ya wastani: saa sita zote zimekorogwa katika chungu kimoja, za kwenda mbio na za kusimama. Alikubali kwa shingo upande.

Tulilala Nairobi kwa jamaa. Asubuhi ya pili tukashika barabara ya Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo njia hugawanyika: moja huendelea Eldoret na mpaka wa Uganda, nyingine hukata kushoto kuelekea Kericho na Kisumu. Tulikata kushoto. Bibi alikuwa amejifunika leso mbili juu ya buibui, na bado akiuliza kama kuna dirisha lililo wazi.

Kedowa ni mji mdogo wa kando ya barabara kuu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Anayetarajia mashamba ya chai ya kwenye picha atayakuta mbele zaidi, akishukia Kericho. Hayo yamekwisha andikwa vya kutosha, nasi tutayaacha yalipo. Hapa kuna viazi vilivyojazwa magunia mpaka vikachomoza juu, kabeji zilizopangwa kama mizinga, maziwa katika madumu, misonobari, na ukungu wa asubuhi unaoingia ndani ya nyumba bila hodi. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, hupita katika milima hii ikijipinda huku na huku kutafuta mteremko ambao injini ingeuweza. Wenyeji husalimiana kwa kusema "Chamge", na bibi aliijibu salamu hiyo siku nzima kwa "Alhamdulillahi", wala hakuna aliyeona kasoro.

Somo la kwanza hatukulipanga. Ulipofika wakati wa adhuhuri tulitandika mikeka, na baba akataka kuelekea kaskazini moja kwa moja, kama tufanyavyo nyumbani. Sisi watu wa pwani tuna mazoea hayo. Wazee wetu hata kaskazini yenyewe waliiita kibla, na kusini wakaiita suheli, kwa jina la nyota. Ami akamshika bega, akamgeuza kidogo kulia. Binti yetu alitoa simu akatazama dira. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, ndiyo sababu kibla chetu hakina mashaka. Lakini tulikuwa tumesogea sana magharibi, na kutoka Kedowa kibla huegemea mashariki ya kaskazini kwa nyuzi 11 hivi. Jambo jingine lilimshangaza zaidi: Makka ilikuwa imekaribia. Kutoka Mombasa ni kiasi cha kilomita 2,830 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Kedowa ni kiasi cha 2,450. Tulidhani tumejitenga nayo kwa kuingia bara, kumbe tumeisogelea.

Baada ya swala aliketi na daftari. Tulikuwa tumesafiri karibu kilomita 700 kwa reli na barabara. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Mombasa hadi Kedowa ni kilomita 625 tu, kuelekea kaskazini magharibi. Aliandika namba zote mbili, akachora mshale chini ya ya pili. Hatukusema neno. Mtoto akianza kuchora mwenyewe, mtu mzima hana budi kuuzuia ulimi wake, na hilo kwetu ni jihadi.

Jioni, kwa kuwa baridi haikuruhusu mtu kukaa mbali na moto, sote tulijikusanya jikoni. Mke wa ami, ambaye binti yetu humwita mama mdogo, alitumiminia chai ya maziwa na kutuonjesha maziwa ya kibuyu, mursik, yenye harufu ya mkaa. Bibi alionja, akashukuru, akarudi kwenye chai. Ndipo binti yetu alipomsomea swali la saba, nadhani kwa kutafuta mtu wa kumhurumia.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Nilipokwenda Hija," akasema, "tuliizunguka Kaaba mara saba. Tulianzia kwenye Jiwe Jeusi, tukamalizia pale pale. Miguu yangu ilijua nimetembea, tena ilivimba. Lakini angekuwako mtu aliyeniacha pale, akafumba macho, akayafumbua nilipomaliza, angesema sikuondoka."

Binti yetu alinyamaza kwa muda. "Kwa hiyo umbali upo."

"Upo."

"Ila kuhama hakuna."

"Sikuhama hata hatua, mwanangu."

Basi ndiyo hiyo sufuri. Kasi huuliza umetembea kiasi gani na kwa muda gani. Velositi huuliza umehama kutoka wapi hadi wapi, kuelekea upande gani, na kwa muda gani. Mtu wa dukani ametembea mita 600 kwa sekunde 600, kwa hiyo kasi yake ni mita 1 kwa sekunde. Lakini ameanza mlangoni kwake na kuishia mlangoni kwake; kuhama kwake ni sufuri, na sufuri ukiigawanya kwa dakika 10 au kwa mwaka mzima hubaki sufuri.

Bibi hakuishia hapo. Akamwuliza kuhusu Safa na Marwa. Kati ya vilima hivyo pana takriban mita 450, na sai ni safari saba kwa kufuata nyayo za Bi Hajar alipokuwa akimtafutia mwanawe maji. Binti yetu alihesabu kwa vidole: kwenda ni moja, kurudi ni mbili, na ya saba humkuta mtu Marwa. Umbali ni mita 3,150, zaidi ya kilomita tatu. Kuhama ni mita 450. "Zingekuwa nane ingekuwa sufuri," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ami naye hakutaka kushindwa na mama yake. Alimtaja Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki: shaba ya mita 800, Tokyo, mwaka 1964, kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja wa mita 400. Binti yetu aligawanya: kasi yake ya wastani ilikuwa mita 7.55 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 27 kwa saa. Velositi yake ya wastani? Alimaliza pale alipoanzia. "Wamempa medali kwa sufuri," akasema mama mdogo, na jikoni pakajaa kicheko. Binti yetu, ambaye sasa alikuwa hashikiki, akataka mwanamke. Tukamtajia Faith Kipyegon, wa Keringet, upande wa pili wa msitu wa Mau, aliyekimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 49.04 jijini Paris, Julai 2024. Mbio hizo ni mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo hazianzii zinapoishia. Aliikokotoa kasi, kilomita 23.6 kwa saa, akaiacha velositi kwa sababu hakuijua nafasi kamili kati ya mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Tuliona fahari zaidi kwa alichokiacha kuliko kwa alichokikokotoa.

Kesho yake ami alitutoa nje. Mbele ya mji, kando ya barabara, kuna ukingo wa udongo ulioinuka juu ya lami, mahali salama pa kukaa. Alikuwa na kamba ya mita 20. Aliipima mara tano kwenye majani ya kando, mbali na lami, akatia alama kwa mawe mawili yaliyopakwa chokaa. Binti yetu akaketi juu ya ukingo na simu yake, tayari kuhesabu sekunde. Kwa wazazi wanaotaka kulijaribu zoezi hili, ami alitufunulia siri moja: umbali ukiwa mita 100, chukua 360 ugawanye kwa sekunde, utapata kilomita kwa saa. Hakuna hesabu nyingine.

Punda mwenye madumu ya maji alichukua sekunde 72: kilomita 5 kwa saa. Pikipiki yenye abiria wawili na gunia, sekunde 6: kilomita 60. Lori lililopanda likiguna, sekunde 12: kilomita 30. Lori lililoteremka, sekunde 4.5: kilomita 80. Matatu, sekunde 4: kilomita 90. Gari dogo moja jeupe lilitumia sekunde 3.2, na alipogawanya alidhani amekosea. Ilikuwa kilomita 112 kwa saa, mbele ya maduka na watu. Sheria ya Kenya huruhusu kilomita 50 katika maeneo ya miji, na kilomita 80 kwa matatu na malori hata barabara ikiwa tupu. Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004, zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo. Tulizilalamikia nauli zilipopanda, kisha tukazizoea, kisha vidhibiti vikaanza kuchezewa.

Aliandika safu mbili, za kwenda Kericho na za kwenda Mau Summit, na hapo akagundua bila kuambiwa kwamba 80 ya safu hii si sawa na 80 ya safu ile. Kasi ni moja, velositi ni mbili. Kwenye kona ya barabara aliliona jingine: gari linaweza kushika kilomita 60 tangu mwanzo wa kona hadi mwisho, mshale wa kasi usitikisike, na bado velositi yake ikawa inabadilika kila nukta, kwa sababu upande unabadilika. Jambo hili mvuvi wetu hulijua bila kulisoma. Mwenye dau anayevuka mkondo maji yakiwa yanakupwa haelekezi omo pale anapotaka kushukia. Huielekeza juu zaidi, na maji humleta mahali pake.

Kisha akapima muda wa bibi kuvuka, kwenye ua wa nyumba, si barabarani. Barabara ina upana wa mita 7 hivi, na bibi huenda mita 1 kwa sekunde magoti yakiwa na rehema. Sekunde 7. Matatu ya kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kila sekunde. Katika muda wa bibi kuvuka itakuwa imekwisha kula mita 175. "Basi nikiiona pale kwenye jiwe la pili," akauliza bibi, "nivuke nisivuke?" Usivuke, bibi. Jiwe la pili liko mita 100 tu.

Mama mdogo alikuwa akisikiliza huku akipanga viazi vyake. Ana meza kando ya barabara, hatua tano kutoka kwenye lami, kama walivyo na meza wenzake wote. Mteja wa gari hasimami asipoona mali. Aliuliza swali moja: "Na lile la Londiani?"

Njia panda ya Londiani iko kwenye barabara hii hii, si mbali na Kedowa. Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, katika wiki ile ile ya Idi ya kuchinja, lori lililokuwa likielekea Kericho liliacha njia na kugonga magari, pikipiki, wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri usafiri. Watu wasiopungua 50 walifariki. Wengi walikuwa wanawake na wanaume wa meza kama ya mama mdogo. Yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kupeleka viazi huko. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha na viazi havikuchimbwa. Hakuongeza neno, na sisi hatukumwuliza.

Ami alieleza anayoyajua kuhusu malori na miteremko. Gari la tani 30 likiteremka, kila mita linayoshuka huliongezea kasi, isipokuwa dereva ailipe kwa gia au kwa breki. Madereva wengine huweka nyutro ili kuokoa dizeli, wakabakiwa na breki peke yake. Breki hushika kwa kusuguana. Zikisuguana mno hupata moto, na zikipata moto hazishiki. "Gia ndogo huingizwa juu, kabla hujaanza kushuka," alisema. "Ukiikumbuka katikati ya mteremko, imekwisha kataa." Yeye iliwahi kumkataa mara moja, zamani, akiwa na mzigo wa tajiri aliyemhimiza afike kabla ya alfajiri. Lilimwokoa tuta la udongo. Mwezi ule ule alirudisha funguo. Mkewe hakuwa amepata kuisikia habari hiyo, na tulimwona akimtazama kwa muda mrefu.

Akaongeza jambo ambalo binti yetu alilithibitisha baadaye kitabuni: kasi ikizidi maradufu, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza haizidi maradufu, huzidi mara nne. Lori la kilomita 80 lina nguvu ya mwendo mara nne ya lori hilo hilo likiwa kilomita 40.

Binti yetu alikuwa amelifunga daftari. "Redioni," akasema, "siku zote husema gari limepoteza mwelekeo. Nilikuwa nadhani ni maneno tu." Akaifuata fikra yake polepole. Lori linalokwenda 80 kufuata barabara na lori linalokwenda 80 kuielekea meza ya mama mdogo lina kasi ile ile. Mshale wa kasi hauwezi kumjulisha mtu tofauti yake. Tofauti yote imo katika ule upande ambao yeye, katika swali la saba, aliuona kuwa ni pambo la walimu.

Tulikaa Kedowa siku nne zaidi. Mvua ilinyesha kila alasiri, na bibi alijifunza kujibu "Chamge mising". Siku ya mwisho binti yetu alimwonyesha mama mdogo hesabu aliyoifanya kwenye ukurasa wa peke yake: gari la kilomita 90 kwa saa likiacha lami litazimaliza hatua tano za hadi kwenye meza katika muda ambao mtu hawezi hata kugeuza shingo. Hakumwambia afanye nini. Mama mdogo aliutazama ukurasa, akauliza kama anaweza kubaki nao.

Shule zilipofunguliwa, karatasi ya swali la saba ilirudi mezani ikiwa imenyooshwa, na binti yetu akatufundisha sisi. Wiki iliyofuata ami alipiga simu. Meza imehamishiwa ng'ambo ya mtaro, nyuma ya ukingo wa udongo, hatua 20 na zaidi kutoka kwenye lami. Wateja wananung'unika kwamba wanachafua viatu, na mauzo yamepungua kidogo. Meza mbili za majirani zimefuata. Ya tatu bado iko pale pale.